Chumba cha giza Handeni na Korogwe: maji na umeme kwanza, mashine baadaye

Anayetaka kuchapa mwenyewe picha zake za nyeusi na nyeupe huanza kwa kuuliza mashine ipi ya kukuzia picha ni nzuri. Aliye Handeni au Korogwe aanze na swali jingine: maji ya nyumbani kwake yanatoka wapi, na yana joto kiasi gani? Jibu lake litaamua karatasi, dawa na hata saa za kufanya kazi. Mashine zenyewe hazitofautiani sana kama wauzaji wanavyodai.

Handeni shida ni kiasi cha maji. Mradi wa bomba kuu la Handeni (HTM) huvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, lakini mwenye nyumba anaijua siku bomba linapotoa hewa tupu na madumu yakapanga foleni. Kwa hali hiyo, ziache kwanza karatasi nzito za asili. Dawa hupenya hadi ndani ya nyuzi zake, na kuitoa kunaweza kudai saa nzima ya maji yanayotiririka. Nunua iliyofunikwa plastiki pande zote mbili. Kwenye paketi huandikwa RC. Hiyo inatosheka na dakika 2 za maji ya bomba. Pasipo bomba, panga mabeseni 3 ya maji safi na uitikise picha katika kila moja. Beseni la kwanza ndilo huchafuka upesi: likichoka mwaga, la pili liwe la kwanza, na maji mapya yaingie mwisho wa mstari. Kwa mtindo huo dumu moja linakwenda mbali.

Korogwe kinachosumbua ni joto. Maelekezo ya dawa nyingi yameandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya tangi lililoshinda juani hayashuki hadi hapo hata usiku wa manane. Kwa karatasi haidhuru sana. Picha inaibuka haraka, nawe unapunguza sekunde. Filamu haina msamaha huo. Dakika za nyuzi 20 zikitumika kwa nyuzi 27, negativu hutoka nzito mno, na utando wake wa jelatini hulainika ukakwaruzika hata kwa ukucha. Dawa ya dukani huja na jedwali la muda kwa kila joto, lifuate. Ukitaka kushusha joto, gandisha maji ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, uiache ielee kwenye beseni kubwa lenye chupa za dawa. Mtungi wa udongo nao unafaa kupoza maji ya kuchanganyia, zaidi Handeni kwenye hewa kavu. Kipimajoto hakikwepeki, ila kile cha homa hakisaidii kwa kuwa huanzia nyuzi 35.

Sasa mashine. Kinachoichagua ni filamu unayopiga. Filamu ya milimita 35 hutaka lenzi ya kukuzia ya milimita 50; negativu ya sentimita 6 kwa 6, kama ya Yashica-Mat, hutaka ya milimita 75 au 80. Durst M605 ya Italia inabeba zote mbili, na Meopta Opemus ya Ucheki nayo hufika 6 kwa 6. Ndogo ya milimita 35 peke yake ni nyepesi na kwa kawaida bei yake ni ya chini, lakini mwenye kamera mbili asidanganywe na wepesi huo.

Fedha ya ziada iende kwenye lenzi. El-Nikkor, Componon-S na Rodagon za milimita 50 kwa kawaida zina vioo 6 ndani, na kwenye pembe za picha zinazishinda kwa mbali zile za bei rahisi zenye vioo 3. Nyingi zina uzi wa milimita 39, hivyo lenzi ya kampuni moja huingia kwenye mashine ya nyingine. Imulike kwa tochi ya simu: ukiona vijinyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, ugonjwa wa kawaida wa vioo vilivyofungiwa kabatini kwenye unyevu wa bondeni na pwani. Iache.

Kichwa cha taa kiko cha namna mbili. Cha kondensa hukusanya mwanga, hutoa picha kali, na huonyesha kila chembe ya vumbi. Balbu yake ni nyeupe ya maziwa, ya wati 75 au 150, na isiwe na maandishi kwenye uso unaoangalia negativu, kwani kivuli chake kinaweza kuonekana kwenye picha. Kichwa cha rangi hutawanya mwanga, huficha mikwaruzo midogo, na vifundo vyake vya manjano na majenta hubadili tofauti ya weusi na weupe wa picha kwenye karatasi ya multigredi bila kununua vichujio. Kwa vumbi la Handeni wakati wa kiangazi, mimi ningechukua hiki.

Kina faida nyingine. Vichwa vingi vya rangi vya mashine ndogo hutumia taa ya halojeni ya volti 12, mara nyingi wati 100. Mwenye betri ya sola anaweza kumwomba fundi umeme amfungie waya na fyuzi, akachapa hata umeme ukikatika. Kuishi jirani na mitambo ya umeme ya Hale hakumkingi mtu na taa kufifia, na taa ikififia, picha mbili za sekunde 15 zilezile hutoka moja nyeusi, moja hafifu. Anayetegemea gridi aweke stabilaiza. Mashine iliyotoka Marekani, kama Beseler au Omega, mara nyingi ni ya volti 120 na hapa bila transfoma itaungua.

Vingine havina makuu: trei 3 za plastiki, koleo, saa yenye sekunde, na taa nyekundu. Ijaribu taa hiyo kwa kuweka sarafu juu ya kipande cha karatasi kwa dakika 5, kisha kisafishe kama kawaida. Duara la sarafu likionekana, isogeze mbali au ibadilishe. Fanya kazi usiku, dirisha lizibwe kwa kitambaa kizito cheusi. Siki nyeupe ya dukani, sehemu 1 kwa 3 za maji, inatosha kusimamisha dawa ya kwanza. Usihifadhi dawa yoyote kwenye chupa za soda, hasa kwenye nyumba yenye watoto. Fiksa (dawa ya kuimarisha picha) iliyotumika ina madini ya fedha ndani yake na haipaswi kumwagwa karibu na kisima au lambo la mifugo.

Kabla ya kulipa, iwashe. Uzime taa za chumba utafute mwanga unaovuja kwenye mvukuto. Tia negativu chakavu uliyoichora mistari kwa pini, uone kama pembe zote 4 zinakuwa kali kwa pamoja. Zisipokuwa, kichwa kimepinda au lenzi imekaa upande. Mwisho uliza kibebea negativu kiko wapi. Mashine iliyokipoteza ishushe bei sana au iache, kwa sababu kipande hicho hakiuzwi madukani, na cha mtindo mwingine mara nyingi hakiingii.