SOMO LA WAFANYAKAZI: PROGRAMU ZA KATI, PANELI YAKE, NA LAWAMA ZA RIPOTI ILIYOCHELEWA



Somo letu la leo ni la mitambo, na tunajua baadhi yenu mtasema kwamba mitambo ni kazi ya mafundi. Tungekubali, kama lawama nazo zingebaki kwa mafundi. Lakini karani wa kituo cha afya akishindwa kutuma ripoti ya mwezi, anayeandikiwa barua ya onyo ni karani. Tena mwaka 2010 Burundi ilieneza nchi nzima utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kwa kufuata huduma zilizotolewa na kuhakikiwa, na sehemu ya fedha hizo ikawa marupurupu ya watumishi. Ripoti imekuwa mshahara. Hatuna budi kuijua njia inayopita.

Tuanzie Gitaza. Barabara ya Taifa nambari 3, itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, hupita pale kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 maporomoko ya udongo yalibomoa nyumba za watu na kuikata barabara hiyo. Ziwa lilikuwa palepale na ndagala wake, na soko la Bujumbura lilikuwa palepale na wanunuzi wake. Kilichoharibika ni njia ya katikati.

Seva, yaani kompyuta kubwa inayopokea ripoti, ina mpangilio kama huo. Nyuma kabisa kuna ghala la takwimu. Mbele yupo karani na kompyuta yake. Katikati zimo programu zinazopokea ombi, kulikagua, kulipanga katika foleni, kulipeleka panapohusika na kurudisha jibu. Hizo ndizo programu za kati. Chukueni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima kwa intaneti mwaka 2011, na Burundi nayo imo katika nchi zinazoutumia. Ghala la mfumo huo ni PostgreSQL. Mfumo wenyewe huendeshwa ndani ya Tomcat, na mbele ya Tomcat kwa kawaida huwekwa mlinda mlango, Apache au nginx. Karani haoni hata kimoja kati ya hivyo. Anaona ukurasa wenye kitufe cha kutuma, basi.

Programu hizo hupangwa kwa mafaili ya maandishi, na fundi wa zamani aliyaandika kwa mkono. Siku hizi wengi hutumia paneli: ukurasa wenye menyu, visanduku na vitufe. Paneli moja iliyoenea ni Webmin, iliyotolewa mara ya kwanza na Jamie Cameron mwaka 1997, na ambayo kwa kawaida hufunguliwa kupitia mlango nambari 10000 wa seva. Mtu huchagua Apache katika menyu, hufika kwenye ukurasa wa mipaka, hukuta kisanduku cha sekunde za kusubiri, huandika namba na kubofya. Ni rahisi sana, na urahisi huo ndio unaotutia mashaka kidogo, kwa sababu kisanduku hakisemi namba hiyo itamgharimu nani.

Tutunge mfano kwa ajili ya somo. Karani wa kando ya ziwa anatuma ripoti siku ya mwisho, wakati vituo vyote vinatuma. Apache na nginx, zisipoelekezwa vingine, husubiri jibu la nyuma kwa sekunde 60. Ghala limeelemewa na linahitaji sekunde 90. Ikifika ya 60 mlinda mlango anamjibu karani: 504. Huku nyuma kazi huenda bado inaendelea, na takwimu zake huenda zikaingia ghalani dakika hiyohiyo. Karani hajui. Anabofya tena, na mwenzake wa kituo cha pili anabofya tena, na foleni inarefuka kwa kazi ileile iliyokwisha kutumwa.

Msimamizi anafungua paneli na kuandika 300 badala ya 60. Je, amefanya vema? Tupige hesabu. Tomcat, isipobadilishwa, ina watumishi wa ndani 200 wa kuhudumia maombi. Kila ombi likikwama kwa sekunde 60, watumishi hao humaliza maombi 200 kwa dakika. Likikwama kwa sekunde 300, humaliza 40 tu. Basi msimamizi anaongeza watumishi wawe 400. Lakini PostgreSQL, isipobadilishwa, hukubali miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imewekwa akiba kwa msimamizi wa ghala. Watu 400 mbele ya mlango wenye nafasi 97 wataongeza msongamano tu. Mara nyingi dawa iko ghalani: swali zito lililoandikwa vibaya, au kumbukumbu isiyotosha. Paneli humvuta mtu abadilishe kile kilicho karibu na kidole.

Kuna kosa jingine dogo ambalo tunawasihi makarani na mafundi walikumbuke. Katika Webmin, kuhifadhi na kutekeleza ni vitufe viwili tofauti. Ukihifadhi, faili limeandikwa, lakini Apache inaendelea na amri za jana mpaka ubofye kitufe cha kutekeleza mabadiliko. Msimamizi anaweza kuapa kwamba amerekebisha, na kweli namba mpya iko katika kisanduku, huku mlango ukifunga kwa sekunde zilezile 60.

Kwa karani, silaha ya kwanza ni namba ya kosa. 413 maana yake faili ni kubwa kuliko linavyoruhusiwa. Nginx, isipoelekezwa, hukataa kinachozidi megabaiti 1. 502 maana yake mlinda mlango amepata jibu bovu kutoka nyuma. 503, huduma haipatikani kwa sasa. 504, amesubiri akachoka. Zote tatu za mwisho zinaonyesha hitilafu upande wa seva. 401 au 403 ni habari ya nenosiri na ruhusa, na hapo karani ajiangalie kwanza. Iandikeni namba hiyo, pamoja na saa.

Na saa yenyewe ina mtego. Karani akiandika saa kumi na dakika kumi alasiri, saa ya Burundi ya kizungu ni 16:10. Seva nyingi huandika kwa saa ya dunia, nayo ni 14:10. Kama seva inafuata saa ya Tanzania, itakuwa 17:10. Mjumbe wa chama anayeingia kikaoni bila kulinganisha saa hizo ataambiwa kwamba katika kumbukumbu hakuna tukio lolote la saa kumi, na atakosa jibu.

Webmin huweka daftari la vitendo: nani aliingia, alifungua sehemu gani, alibadilisha nini, siku gani. Daftari hilo lina faida ikiwa kila msimamizi ana jina lake la kuingilia. Pale ambapo watano wanatumia nenosiri moja la mkubwa, halithibitishi kitu. Paneli inaruhusu watumiaji wengi, kila mmoja na sehemu zake tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kiufundi ya kushirikiana ufunguo. Wala si vema paneli kuachwa wazi kwa dunia nzima: mwaka 2019 iligunduliwa kwamba mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya baadhi ya matoleo ya Webmin, ukarekebishwa katika toleo la 1.930.

Kazi ya kikundi. Someni barua moja ya onyo iliyotolewa kwa ajili ya ripoti iliyochelewa, mkificha jina la mwenzenu. Je, barua inataja namba ya kosa na saa? Ni nani kazini kwenu mwenye ruhusa ya kufungua paneli, na kwa jina la nani? Kisha andikeni, kwa sentensi zisizozidi tatu, ombi la kumtaka mwajiri aonyeshe daftari la vitendo na kumbukumbu za seva za siku hiyo kabla ya adhabu yoyote. Mlete maombi hayo katika kikao kijacho.