Dondoo Muhimu kwa Mwanafunzi wa Picha za Gazeti, Qurus

Kijana aliyepelekwa na gazeti kujifunza upigaji picha huko Qurus, wilayani Karatu, yafaa atoke kabla ya jua kuchomoza, kwani nuru ya asubuhi huulalia udongo mwekundu ikauonyesha kila mfereji wake, ilhali ile ya adhuhuri hutia giza machoni mwa kila avaaye kofia.

Wakati wa kiangazi, vumbi litimkapo, asibadilishe lenzi nje. Aingie garini, afunge vioo, aielekeze kamera chini, wala asiifute kwa pindo la shati, maana vumbi lile hukwaruza kioo. Akitoka katika baridi ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulioinuka zaidi ya mita 2,200, aiache kamera mkobani hadi ipate joto, isije ikatoka jasho.

Kijijini atangulie kwa mtendaji akiwa na barua ya gazeti lake; mtoto asipigwe picha bila idhini ya mzazi. Malipo kwa anayepigwa picha mimi siyaafiki hata kidogo. Naye aliyekwisha kufuzu huhitaji ithibati ya uandishi wa habari chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

La mwisho, nalo ndilo zito: majina ya Kiiraqw, lugha ya wenyeji wa huko, yana q, x na tl ambazo sikio la mgeni halizipati, basi mwenye jina aombwe aliandike mwenyewe daftarini, pamoja na mahali aliposimama, kushoto au kulia. Picha isiyo na majina sahihi mhariri huiweka kando.