Kromiamu ya Karakana: Umeme Unaikamata, Tope Tulipeleke Wapi?

Karakana zinazopaka bampa na mabomba kromu hubaki na majitaka ya manjano. Manjano hiyo ni kromiamu ya sita, sumu inayosababisha saratani, hasa ikivutwa puani. Ikifika kisimani, kuchemsha maji hakusaidii: maji hupungua, kromiamu hubaki. Klorini nayo haiiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.05 za kromiamu kwa lita.

Dawa yake inaweza kuanza palepale karakanani. Mabamba ya chuma cha kawaida hutumbukizwa tangini na kuunganishwa na umeme wa DC. Bamba la upande chanya hulika polepole, likiachia ioni za chuma majini. Ioni hizo huigeuza kromiamu ya sita kuwa ya tatu, yenye sumu ndogo zaidi, ambayo pH ikiwa kati ya 7 na 9 hugandamana na chuma na kutuama kama tope. Alumini haifai hapa, kwa kuwa haifanyi vizuri kazi hiyo ya kugeuza.

Hesabu yake si ngumu. Gramu moja ya kromiamu huhitaji takriban gramu 3.2 za chuma, na ampea moja kwa saa moja huyeyusha kama gramu moja. Lita 1,000 zenye miligramu 50 kwa lita zitakula angalau gramu 160 za chuma, yaani ampea 16 kwa saa 10. Kazini huzidi kidogo. Mabamba yakifanya utando, geuza chanya kuwa hasi.

Upande hasi hutoa haidrojeni inayolipuka, basi fungua madirisha na usiruhusu moto wala sigara. Majitaka yenye sianidi yatengwe kabisa. Yakikutana na asidi hutoa gesi inayoua.

Maji yakiwa meupe, usiyaamini kwa macho. Yapimwe maabara kabla ya kumwagwa.

Lakini ninalolisisitiza zaidi ni tope. Umeme hauangamizi metali, huihamisha tu kutoka majini. Tope likitupwa dampo la kawaida au shambani, jirani hajaokolewa. Likaushwe juu ya sakafu ya saruji yenye paa, lifungwe kwenye mapipa yenye lebo, likabidhiwe mzoa taka hatarishi mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi, kwa mfano NEMA kwa Kenya. Jirani wa karakana ana haki ya kuuliza mapipa hayo huenda wapi.