Mbwa Koko Aingiapo Nyumbani
Kijitabu cha afya kwa wenye nyumba

Katika miji yetu ya pwani, na hata ya bara, mbwa koko wamekuwa kama sehemu ya njia: hulala chini ya magari mabovu, huzengea majalala na mabucha nyakati za jioni, na hupigwa mawe na watoto ambao hawakuambiwa na mtu kwamba kufanya hivyo ni dhuluma. Kijitabu hiki kimekusudiwa kwa yule ambaye, kwa huruma au kwa haja ya mlinzi, ameazimia kumtwaa mmoja wao na kumpa hifadhi, ili ajue mambo mawili ambayo aghalabu husemwa mbalimbali ilhali hayatengani: kwamba mbwa huyo anaweza kumgeuzia maisha yake yakawa ya afya na furaha zaidi, na kwamba hawezi kumletea kheri hiyo isipokuwa mwenyewe amekubali kuishi kwa utaratibu ambao mbwa anauhitaji.

Tazama hali ya mtu aliyestaafu kazi kisha akafiwa na mkewe. Asubuhi haina la kumwamshia, chakula hukila apendapo au asikile kabisa, na baraza aliyozoea kukaa na wenzake huiacha kidogo kidogo hata majirani wakazoea kutomwona. Mzee wa namna hiyo nimemjua katika mtaa wetu mjini Tanga. Shinikizo la damu lilikuwa limempanda, tabibu amemwamuru atembee kila siku, naye hatembei, maana hana pa kwenda. Masika moja mbwa jike, rangi ya udongo, sikio moja limeraruka, akajibanza nyuma ya jiko lake kukwepa mvua, na mzee akamwachia ukoko wa ugali kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumfukuza. Mbwa hakuondoka. Ikawa kila alfajiri anakwaruza mlango, na mzee akalazimika kutoka naye kuelekea Raskazone na kurudi, na njiani watu wakawa wanasimama kumwuliza juu ya lile sikio. Na katika maswali hayo salamu zikarudi, baada ya salamu mazungumzo, na baada ya mazungumzo baraza.

Wala si habari ya mtaa mmoja tu. Nchini Sweden, ambako sheria humlazimu kila mwenye mbwa kumwandikisha, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala walitangaza mwaka 2017 uchunguzi uliohusu watu zaidi ya milioni 3.4 wenye umri wa miaka 40 hadi 80, uliofuatilia maisha yao kwa muda wa miaka 12. Wakaona kwamba miongoni mwa watu waishio peke yao, wale wenye mbwa walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 33 kuliko wasio na mbwa. Insafu yataka tuseme kwamba uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kuwa mbwa ndiye sababu, kwani huenda mwenye afya njema ndiye apendaye kufuga. Lakini Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima atembee kwa haraka angaa dakika 150 kwa juma, nayo ni nusu saa kwa siku 5. Na anayeamshwa na mbwa kila alfajiri huzimaliza dakika hizo bila kuzihesabu.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, huona uzito katika jambo hili kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi kwao, nami naona uzito huo wastahili heshima wala si wa kubezwa. Hata hivyo kufuga mbwa wa ulinzi, wa kuwinda au wa kuchunga mifugo kumeruhusiwa, na hadithi ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa madhambi yake, ni mashuhuri katika madarasa yetu. Basi mbwa ajengewe banda uani, lenye paa na sakafu iliyoinuka. Awe na vyombo vyake visivyochanganywa na vya jikoni. Na chombo alichokiramba kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, kama ilivyofundishwa. Utaratibu huu wa dini na ule wa afya, kama uonavyo, haugombani hata kidogo.

Mbwa aliyeonja mawe haji kwa kuitwa. Usimwendee kwa kumkabili wala usimkazie macho. Chuchumaa ubavuubavu, mkono umeushusha, weka bakuli la maji na chakula kidogo, kisha rudi nyuma. Siku ya kwanza atakunywa huku miguu ya nyuma imejiandaa kukimbia na mkia umefichwa katikati; siku nyingine utaona masikio yamelegea; na itafika saa atanusa vidole vyako mwenyewe, nawe usifanye haraka ya kumshika kichwani. Yaweza kuchukua majuma kadhaa. Watoto wasiachwe naye peke yao muda huo wote, na hata baadaye wafundishwe wasimguse anapokula au anapolala.

Sasa tuje kwenye hadhari kubwa kuliko zote, nayo ni kichaa cha mbwa. Maradhi haya hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huyapata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikisha kumtokea mtu, ni nadra mno kupona. Virusi vyaweza kujificha mwilini mwa mnyama kwa miezi bila dalili, kwa hiyo mbwa aliyetoka njiani apelekwe kwa daktari wa mifugo achanjwe tangu siku zake za mwanzo, na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoagiza. Mbwa akibadilika tabia ghafla, akiuma pasipo kuchokozwa, akitokwa na udenda na kushindwa kumeza, afungiwe mbali na watu na daktari aitwe.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15 kamili, lisipakwe pilipili wala mafuta ya taa, na aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Kwamba adui huyu hushindika tumejionea kisiwani Pemba: mbwa walipochanjwa kwa wingi, maradhi yalitoweka mwaka 2014, yakarudi mwaka 2016, chanjo ikakazaniwa tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 yakawa yamekwisha tena. Wataalamu husema yatosha kuchanja mbwa 7 katika kila 10.

Mengine ni mepesi. Apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, kinyesi chake kifukiwe, na asipewe maini wala mapafu mabichi ya machinjioni, kwani humo hukaa mabuu ya tegu ambaye akiingia kwa binadamu hufanya uvimbe mkubwa wa maji katika ini. Kupe watolewe. Jike afungwe kizazi na dume ahasiwe, wasije wakazaa koko wengine wa kupigwa mawe.

Kadi yake ya chanjo itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Na kabla hujamtwaa, amua ni nani atakayempa maji na kumtembeza siku utakaposafiri kwenda msibani au utakapolazwa hospitalini. Mtu huyo aanze kuja mapema, amlishe mara kadhaa wewe ukiwapo, hata mbwa amjue kwa harufu na kwa sauti.