Umeshtakiwa kwa Deni la Kadi ya Mkopo: Mwongozo wa Kupatana na Benki kwa Wafanyakazi wa Bangale

Mwalimu, muuguzi au askari wa Bangale, Kenya, mwenye kadi ya mkopo huweza kulipa bila shida kwa miaka, mpaka mshahara uchelewe au kiangazi kimalize mifugo ya nyumbani na jamaa wote wamtegemee yeye. Riba hupanda, simu za wakusanya madeni huanza, na mwisho huja samansi. Hapo wengi hunyamaza kwa aibu. Wengine huanza kuzungumza na wakili wa benki na kuisahau mahakama, na hilo huwaponza vilevile. Shika jambo moja: jibu kesi kwanza, kisha patana. Mazungumzo hayasimamishi siku za mahakama, hata wazee wakiwa wamekaa kikao na kila upande umeridhika.

1. Pokea samansi na uihakikishe

Tangu 2020, kanuni za mashauri ya madai Kenya zinaruhusu hati za kesi zitumwe kwa baruapepe au kwa ujumbe wa simu, kama vile WhatsApp. Usifute ujumbe kwa kudhani ni wa matapeli. Soma namba ya kesi na jina la mahakama, kisha uliza kwa karani wa mahakama hiyo kama kesi ipo. Unaweza kukuta imefunguliwa Nairobi badala ya Garissa, Hola au Garsen. Mahakama ya Kadhi haisikilizi kesi ya deni la benki, hata kama pande zote ni Waislamu.

2. Wasilisha jibu ndani ya muda

Muda wa kujibu umeandikwa kwenye samansi yenyewe. Ukipita, benki inaweza kuomba hukumu ya upande mmoja, na nguvu yako ya kupatana itapungua sana. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 na unaruhusiwa kujitetea bila wakili. Katika jibu, kubali unachokijua na ukatae usichokubaliana nacho. Kama hukumu imekwisha kutolewa bila wewe kusikilizwa, omba upesi iondolewe na ueleze sababu ya kuchelewa pamoja na utetezi ulio nao.

3. Kagua hesabu ya benki

Dai taarifa kamili ya akaunti tangu kadi ilipofunguliwa, kisha angalia mambo mawili.

*Riba.* Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinaweka ukomo. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, benki haiwezi kudai riba inayozidi kiasi cha mkopo wa msingi kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Kama ulikuwa umebakiza shilingi 80,000 za msingi, riba isizidi 80,000. Benki inaweza kuongeza gharama halali za kulifuatilia deni, lakini haina haki ya kudai laki tatu kwa sababu ya riba peke yake.

*Umri wa deni.* Madai ya mkataba huisha nguvu baada ya miaka 6. Hata hivyo, kulikiri deni kwa maandishi au kulilipa kiasi huanzisha hesabu ya miaka upya. Kama deni ni la zamani, pata ushauri wa sheria kabla ya kutuma hata shilingi mia.

4. Pima uwezo wako

Andika mapato na matumizi ya lazima: chakula, karo, dawa, maji. Sheria ya Ajira inakataza makato yote ya mshahara kuzidi theluthi mbili, basi hesabu pia mikopo ya Sacco inayokatwa tayari. Mwenye mifugo aahidi kiasi kidogo kila mwezi na kikubwa zaidi baada ya mvua, wanyama wanapokuwa na afya na soko likiwa na bei. Kuahidi shilingi 10,000 na kushindwa mwezi wa pili kutakuumiza kuliko kuahidi 4,000 na kuzitimiza.

5. Toa pendekezo kwa maandishi

Mwandikie wakili wa benki. Juu ya barua eleza kwamba inatolewa kwa ajili ya mapatano tu na isitumike mahakamani kama ushahidi wa kukiri deni. Pendekeza kiasi cha mkupuo kilicho pungufu ya deni, kama unacho, au awamu. Omba tozo za kuchelewa zifutwe na riba isimame tangu siku ya makubaliano. Mkikwama, unaweza kuomba kesi ipelekwe kwa msuluhishi wa mahakama. Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zihimize upatanisho.

6. Sajili makubaliano mahakamani

Ahadi ya simu haitoshi. Makubaliano yataje jumla ya deni, tarehe za malipo, akaunti ya kulipia, nani analipa gharama za kesi, na siku za ziada utakazopewa ukichelewa. Omba kesi isimame unapolipa na ifutwe ukimaliza. Uwe mwangalifu na hati inayosema unakubali hukumu ya deni lote leo: ukikosa awamu moja, dalali anaweza kutumwa. Makubaliano yakishasajiliwa yana nguvu ya amri ya mahakama na ni vigumu kuyatengua, kwa hiyo usitie saini usichokielewa.

7. Zijue kinga zako

Hata baada ya hukumu, sheria inalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na vifaa vya kazi vya fundi. Kifungo cha madai kipo, lakini mahakama hukuita kwanza ujieleze. Nenda na hesabu yako ya mapato. Anayekaa nyumbani siku hiyo anaiacha benki iseme peke yake.

8. Funga deni kabisa

Weka kila risiti na ujumbe wa malipo. Ukimaliza, dai barua ya benki inayothibitisha kwamba hudaiwi, hakikisha kesi imefungwa kwenye rekodi za mahakama, kisha uitake benki ipeleke taarifa mpya kwa CRB, shirika linalotunza rekodi za mikopo ya watu. Unayo haki ya kupata ripoti moja ya bure ya CRB kila mwaka. Itumie kuhakikisha taarifa hiyo imefika.