SOMO LA AFYA: MOYO ULIOPASULIWA UTOTONI HUANGALIWA MAISHA YOTE

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, takriban mmoja huwa na kasoro ya moyo. Zamani wengi wao hawakufikia utu uzima. Leo, kwa msaada wa upasuaji, wengi ni wakulima, walimu na wazazi. Hatari inayowakabili sasa ni kudhani kwamba moyo uliotengenezwa hauhitaji tena daktari.

Tuchukue mfano wa kasoro iitwayo tetralojia ya Fallot. Mtoto huzaliwa akiwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya damu iendayo mapafuni ikiwa nyembamba. Daktari huliziba tundu na kuipanua njia. Hata hivyo, baada ya kupanuliwa, mara nyingi valvu ya njia hiyo hubaki ikivuja. Damu inayorudi nyuma hukitanua chumba cha kulia kidogo kidogo, kwa miaka 20 au 30, pasipo maumivu. Mtu huanza kupumzika kila apandapo mlima, akidhani ni umri. Kipimo cha eko hulibaini tatizo hilo mapema, na valvu mpya huweza kuwekwa kabla moyo haujachoka.

Kwa hiyo, mkazi aliyewahi kupasuliwa moyo azingatie haya:

1. Atunze taarifa ya upasuaji wake. Mzazi amkabidhi kijana nakala na kumweleza alichofanyiwa.

2. Afike hospitali ya wilaya kuomba rufaa ya kliniki ya moyo, hata kama hajisikii vibaya. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni miongoni mwa vituo vitoavyo huduma hiyo.

3. Asafishe meno kila siku, na amweleze daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino, kwa kuwa vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu na kuushambulia moyo.

4. Mwanamke apate ushauri wa daktari kabla ya kushika mimba, kwani mimba huuongezea moyo kazi.

5. Moyo ukienda mbio ghafla, akizimia, akivimba miguu au akiishiwa pumzi, aende hospitali mara moja, asingoje tarehe ya kliniki.

Mwenye kovu la zamani kifuani ambaye hajapimwa kwa miaka mingi hajachelewa. Aanze sasa.