Shilingi Tatu na Kaburi la Boltzmann

Chukua shilingi tatu, uwagawie watu watatu: Asha, Baraka na Chausiku. Zinagawika kwa njia ngapi? Tuhesabu polepole. Kila mmoja kupata moja: njia ni moja tu. Mmoja kuzikomba zote: njia tatu, maana mkombaji anaweza kuwa yeyote kati yao. Mmoja kupata mbili, wa pili moja, wa tatu kuambulia patupu: njia sita. Jumla kumi.

Hesabu ya namna hii ndiyo iliyomo katika mlinganyo uliochongwa kwenye kaburi la mwanafizikia Ludwig Boltzmann huko Vienna: S = k log W (aliyeuandika kwa umbo hilo ni Max Planck, lakini wazo ni la marehemu). W ni idadi ya njia ambazo chembe za kitu zinaweza kujipanga bila sisi tulio nje kuona tofauti. S ni entropia, yaani kipimo cha wingi wa njia hizo, na k ni namba isiyobadilika. Chai ya moto hupoa mezani wala haijipashi yenyewe. Hakuna anayeliamuru joto litoke. Njia za kutawanyika chumbani ni nyingi mno kuliko za kubaki kikombeni.

Sasa watu wetu wacheze. Kila zamu kura inamchagua mtoaji na mpokeaji wa shilingi moja. Mtoaji akiwa hana kitu, zamu inapita. Hakuna mwizi, mvivu wala mjanja. Wakicheza muda mrefu, kila moja ya zile njia kumi hutokea sawa na nyingine. Mtazame Asha peke yake: katika njia nne hana kitu, katika tatu ana shilingi moja, katika mbili ana mbili, katika moja anazo zote. Hali inayomtokea mara nyingi kuliko nyingine ni kukosa. Nilipohesabu mara ya kwanza, nilirudia.

Mwaka 2000, wanafizikia Adrian Drăgulescu na Victor Yakovenko wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walionyesha kwamba michezo ya aina hii, watu wakiwa wengi, huzaa grafu ile ile inayoonyesha, kwa hesabu ya Boltzmann, jinsi molekuli zinavyogawana nishati: uwezekano wa mtu kuwa na fedha m hushuka kama e^(-m/T), T ikiwa wastani wa fedha kwa kila mtu. Baadaye walipima mapato halisi ya Wamarekani. Takriban asilimia 97 waliifuata grafu hiyo. Wachache wa juu kabisa hawakuifuata.

Lakini molekuli haikopi, hairithi wala haitozwi kodi, na fedha, tofauti na nishati, huongezwa benki zinapokopesha. Kwa hiyo siuchukui mlinganyo huu kuwa hukumu juu ya jamii. Ninachoshika ni hiki: Asha alikosa bila uzembe wowote.

Tena kanuni za mchezo hubadilika. Tuseme anayefikisha shilingi tatu humpa moja papo hapo mmoja wa wenzake, kwa kura. Njia zinabaki saba, bado zikitokea sawasawa. Katika mbili Asha hana kitu, katika mbili ana shilingi mbili, na katika tatu ana moja.